Mabega Yasiyo na Fundo

Karani wa shule alikuja kuongezewa kifungo tu. Alilitandaza shati juu ya meza ya kukatia, akalisifu.

“Hili ulinishonea wewe, Mama Pacha. Mabega yamenikaa utadhani nimezaliwa nayo.”

Mama Pacha akashukuru. Sifa hizo alikwisha kuzizoea. Tangu afiwe na mume na kuja kushona katika karakana ya wifi yake, dada wa marehemu, hakuna siku aliyoambiwa kuwa kazi yake mbaya. Ndizo sifa zilizompa moyo wa kwenda kwa matroni wa zahanati na kumwomba kazi ya sare za wauguzi, azishone peke yake. Jioni hiyo matroni angekuja kuona sampuli. Akiipenda, Mama Pacha angepanga chumba chake, na pacha wake wangeacha kulala sebuleni kwa shangazi yao.

Aliligeuza shati ndani nje, atafute pa kuanzia uzi, na hapo jicho lake likakwama. Alikuwa na tabia moja aliyoirithi kwa bibi yake: kila mshono aliomaliza aliufunga kwa mkono, fundo la mara tatu, hata kama cherehani imekwisha kuukaza. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Ubavuni fundo lilikuwapo. Kwenye pindo lilikuwapo. Mabegani, pale mkono unapoungana na shati, hapakuwa na kitu. Uzi ulikatwa kwa mkasi, safi kama ndevu za bwana harusi.

Alimaliza kifungo, akamuaga karani kwa adabu, kisha akaiendea kamba ya nguo zilizosubiri wenyewe. Akaigeuza blauzi aliyoishona juzi. Hakuna fundo. Gauni je? Hakuna. Akaishusha sampuli ya matroni, aliyoimaliza jana mchana na kuitundika mwenyewe. Nayo mabega yake yalikuwa ya mtu mwingine.

“Wifi,” alisema, “nani anafumua kazi yangu?”

Cherehani mbili zikanyamaza. Moja ya wifi, nyingine ya fundi mzee waliyemwita Msumari, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na yote yalichoma.

“Nani afumue? Kaa unywe chai, wifi yangu. Leo umeamka vibaya.”

“Nimeamka vizuri. Mabega haya sikuyashona mimi.”

Wifi akamwangalia Msumari. Msumari akaiangalia sindano yake.

“Useme usiseme,” Msumari akamwambia, “mimi nimechoka kufumua. Kila akienda kuwachukua watoto shuleni, mimi nafumua.”

Wifi akashusha pumzi. “Ulikuja hapa macho yamevimba. Shati lako la kwanza, mabega yalikunja uso kama yamelamba ndimu. Ningekuambiaje? Ulikuwa umetoka kuzika.”

“La kwanza, sawa. Na la jana?”

“La jana nalo... limelamba kidogo.”

Msumari alikohoa, akificha kicheko. Mama Pacha hakucheka. Kilichomuuma si kwamba hajui. Mtu hujifunza. Kilichomuuma ni ule mwaka, zile jioni alizorudi na watoto akikuta nguo zimenyooka kambani, akajiambia kwamba angalau mikono yake haikufa pamoja na mume wake.

“Uliniweka kwako na wanangu,” alisema. “Huo wema sitaulipa nikaumaliza. Na nilipolia ulikaa nami, hukuninyamazisha. Lakini hili, wifi, hili ni nini? Umenibeba mgongoni mwaka mzima, halafu unanisifu kwa kutembea.”

“Nilikuonea huruma.”

“Ulijionea mwenyewe. Ulichoka kuniona nikilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema, lakini hapa wa kulia ni mimi. Matroni angenipa sare za zahanati nzima, nikazishona chumbani kwangu hakuna wa kufumua. Ningetupiwa nguo usoni.”

“Ningekuwa nakuja kukusaidia.”

“Mpaka lini? Mpaka pacha waoe?”

Kisha akamgeukia Msumari. “Na wewe, mjomba. Ulimi unaowachoma watu wote, kwangu mimi ulishika kutu?”

“Niliambiwa nisikuguse,” alisema Msumari. “Nikauhofia mkate wangu. Sina la kujitetea.”

Matroni alifika kabla hawajapatana. Aliipeleka sampuli mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole begani.

“Safi sana. Hii mikono kaitia nani?”

Wifi alikwisha kufungua kinywa. Mama Pacha akamtangulia.

“Huyu mzee. Mimi mikono bado sijaijua. Mengine yote hapo ni yangu.”

Matroni akaitoa sampuli kwenye mwanga. “Mimi nataka mtu anayejua shati zima, mama. Sina nafasi ya kungoja.” Akaikunja sampuli vizuri, akairudisha. Mlangoni akasita. “Sare huchakaa. Ukishaijua, niletee nione.”

Alipotoka, wifi akapiga paja. “Ona sasa. Ungenyamaza tu, tungezishona sisi.”

“Ndiyo,” alisema Mama Pacha. “Mngezishona ninyi.”

Akachukua kitambaa kilichobaki, akakata mwili wa shati na mkono wake, akaketi kwenye cherehani. Msumari akavuta kigoda, akakaa karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Unaivuta nguo,” alisema. “Mkono ni mpana kuliko tundu lake, ukiuvuta utakunjamana. Acha cherehani iile nguo yenyewe. Wewe iongoze tu.”

Alishona. Bega likakunja uso. Mkono wa wifi ukanyooka wenyewe, kwa mazoea, kulichukua.

“Wifi, ukiligusa shati hili, kesho mimi na pacha hatupo.”

Wifi akaurudisha mkono wake, akaukalia.

Msumari alilinyanyua shati mlangoni, akaligeuza huku na huku.

“Fumua,” alisema.

Neno hilo lilimchoma. Mama Pacha akachukua wembe, akafumua. Akashona tena, polepole, akafunga fundo lake la mara tatu, akampa.

“Fu—”

Wembe ulikuwa tayari mkononi mwa Mama Pacha.