Jumapili ya Jumamosi ya Pili

Delmer Stallings aliipanga safari ile kwa miezi mitatu. Alitandaza ramani ya karatasi kwenye meza ya jikoni, huko Michigan, akaibana kwa vikombe isijikunje, kisha akapiga mstari mwekundu kuelekea kusini, jimbo baada ya jimbo, mpaka Alabama, mpaka kwenye kimji kiitwacho Coker's Bend, ambacho ramani yenyewe ilikiandika kwa herufi ndogo kama inaona haya kukitaja. Aliandika kimo cha kila daraja, maana gari-nyumba lao lilikuwa refu kwenda juu, na yeye hakuwa mtu wa kung'olewa paa na daraja la reli huku watu wakipiga picha. Aliandika vituo vya mafuta vyenye nafasi ya kugeuza. Aliandika mahali pa kumwaga maji machafu na mahali pa kujaza maji safi. Miaka thelathini na minne alikuwa amesimamia mashine za kukandamiza mabati kiwandani, na miaka yote hiyo hakuna mtu wake aliyepoteza kidole. Asingeanza kukosea leo.

Safari ilikuwa ya mkewe, Ouida. Moyo wa Ouida ulikuwa umechoka. Mchana alitembea na mrija wa oksijeni puani, usiku mashine ilinguruma kando ya kitanda mpaka asubuhi, na mashine hiyo haikutaka mchezo: ilitaka umeme usiokatika. Daktari alikuwa amepanga kumpasua katikati ya Aprili, na hakuwaficha kitu. Kuna kuamka, alisema, na kuna kutoamka. Ouida alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Walipofika nyumbani, kabla hajavua hata koti, akasema:

"Kabla hawajanipasua nataka kwenda Kupamba. Mara moja tu."

Kwao Ouida kila kanisa la shamba lina Jumapili yake moja ya Mei. Siku hiyo ya Kupamba watu wa ukoo hurudi kutoka kokote walikotawanyikia, huweka maua juu ya makaburi yaliyofyekwa jana yake, hula pamoja kwenye meza ndefu chini ya mierezi, halafu huimba palepale, walio hai na waliolala, kama vile hakuna aliyeondoka. Ouida alikuwa hajaenda miaka tisa. Kila mwaka Delmer alisema mwakani. Mwaka mmoja ilikuwa kazi ya ziada kiwandani, mwaka mwingine paa, mwaka mwingine goti lake. Mwakani, mwakani, mpaka ndugu zake Ouida wa tumbo moja wakaisha wote, na yeye mwenyewe akawa hawezi kupanda ngazi nne.

"Mama amelala pale miaka tisa bila ua langu," Ouida alisema. "Nataka nikae naye, niwasikie watu wakiimba. Nikishawasikia, hao madaktari wanikate wanavyotaka."

"Nitakupeleka. Jumapili ya pili ya Mei."

"Siyo Jumapili ya pili, Delmer. Ni Jumapili ya Jumamosi ya—"

"Najua, najua. Wewe pumzika, usimalize pumzi zako kwa kunifundisha."

Na kweli alidhani anajua. Kwao, Kentucky, ilikuwa Jumapili ya pili tangu enzi za babu yake. Na kila alipowahi kwenda Kupamba kwa wakwe zake, ilikuwa Jumapili ya pili. Angeshindwaje kujua?

Kesho yake alipiga simu hospitali mwenyewe. Alibishana na mhudumu, akabishana na muuguzi, akabishana mpaka wakampa daktari. Upasuaji ukasogezwa hadi Jumanne, tarehe kumi ya Mei. Daktari alikubali shingo upande. "Hiyo, Bwana Stallings, wala si siku moja zaidi. Mkiikosa, nafasi inayofuata ni Julai, na Julai mimi sikuahidi kitu."

Delmer alikata simu akiwa amevimba kifua kama jogoo. Jumapili ni tarehe nane, Jumanne ni tarehe kumi, siku mbili njiani. Ilitosha bila kubaki hata saa.

Kisha akapiga simu ofisi ya mji wa Coker's Bend. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyekaa barazani, asiye na haraka na dunia. Jina lake Wynell. Ndiye aliyeandika leseni za mbwa, ndiye aliyepokea malalamiko ya maji, ndiye aliyetunza uwanja wa kambi.

"Tuna nafasi sita, baba, nyuma ya kituo cha zimamoto," alisema. "Lakini mbili ndizo zenye umeme wa maana. Zile nyingine ukichemsha chai, taa zinasinzia."

"Nataka ya umeme wa maana. Jumamosi tarehe saba, usiku mmoja."

"Gari lako refu kiasi gani? Lakini niambie kweli. Mwaka jana alikuja bwana mmoja akaniambia futi thelathini, mkia wake ukalala barabarani, gari la zimamoto likashindwa kutoka."

"Ishirini na tisa. Nimepima mara mbili."

"Ah, mtu makini. Mke wako amepata." Akacheka. "Na kinachowaleta kwetu ni nini? Huku hakuna anayekuja bila sababu. Hata mvua ikija tunaiuliza imetumwa na nani."

Delmer alisita. Angeweza kusema. Neno moja tu, na mambo yote yangekaa sawa. Lakini aliona aibu ya miaka tisa, tena alikuwa ameshajipangia picha kichwani: Ouida anashuka na shada la maua, binamu zake wanageuka, wanapiga kelele, wanalia. Alitaka kuwashtukiza. Alitaka, kusema kweli, wamwone yeye ndiye aliyemleta.

"Mapumziko," akajibu.

"Basi karibuni mpumzike," alisema Wynell, akaandika.

Majira yote ya baridi Ouida alikata maua ya karatasi na kuyachovya kwenye nta iliyoyeyushwa, kama mama yake alivyomfundisha, ili mvua isiyaharibu. Yalifika arobaini. Aliyapanga ndani ya sanduku la viatu, akalishika mapajani kutoka Michigan mpaka Alabama, siku tatu za mwendo wa pole, hakukubali lishuke.

Na safari ilikuwa kama ilivyochorwa. Kila daraja liliwapitisha. Kila kituo kilikuwa mahali pake. Mashine ilinguruma kila usiku bila kukohoa. Jumamosi saa tisa alasiri waliingia Coker's Bend. Delmer akalirudisha gari nyuma kwenye nafasi yake mara moja tu, bila kurekebisha, akazima injini na kumwangalia mkewe.

"Haya, nisifu."

"Nikikusifu hapa utapasuka, nani atanirudisha?" Ouida alimjibu, lakini mkono wake ulikuja kumshika shingo.

Wynell alikuja kwa miguu na ufunguo wa sanduku la umeme mkononi na pai ya viazi vitamu mkono wa pili. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, viatu vya kanisani na aproni. Alichungulia dirishani, pai ikamponyoka kidogo, akamwita Ouida kwa jina la ukoo wa kwao.

"Ouida Tidmore! Wee! Ni wewe au macho yangu?"

"Ni mimi, Wynell. Kilichobaki."

Walishikana dirishani, wakacheka, wakalia, wakatajiana waliokufa. Kisha Wynell akamgeukia Delmer, aliyekuwa nje akichomeka waya kwenye nguzo ya umeme. "Kumbe ndiyo wewe wa mapumziko! Shemeji, muongo mkubwa wewe. Lakini umefanya vizuri kumleta mapema. Ule usiku mmoja tutaufanya saba, apumzike wiki nzima kabla ya Kupamba."

Delmer hakuinuka. Aliendelea kuushika ule waya.

"Wiki?"

"Eh. Si tarehe kumi na tano?"

"Ni kesho," Delmer alisema kwa sauti ndogo. "Jumapili ya pili."

Wynell alimtazama kama mtu anavyomtazama aliyesimama katikati ya reli. Naye akashusha sauti. "Shemeji, sisi hatuhesabu hivyo. Zamani mhubiri alikuwa anazunguka makanisa manne. Kwetu alifika Jumamosi ya pili, wakafanya kikao cha kanisa, wakafyeka makaburi jioni, kesho yake ndiyo Kupamba. Jumapili ya Jumamosi ya pili. Miaka mingi inaangukia palepale unaposema. Lakini mwaka huu Mei imeanza Jumapili. Hiyo Jumapili ya kwanza haina Jumamosi yake, imebaki Aprili, kwa hiyo Jumamosi ya pili ni tarehe kumi na nne. Imetusukuma wote."

"Jumanne anapasuliwa," Delmer alisema. "Kule Michigan."

Wynell aliweka pai chini, kwenye nyasi.

Hakukaa kulaumu. Alitoa simu mfukoni mwa aproni akaanza kuwapigia watu, mmoja baada ya mwingine, akitembea huku na huku nyuma ya kituo cha zimamoto, na Delmer akimfuata hatua mbili nyuma kama mtu anayesubiri hukumu. Delmer alisikia mazungumzo yote kwa upande mmoja. Kesho ilikuwa Sikukuu ya Akina Mama. Huyu amemwahidi mama mkwe aliyeko Huntsville. Huyu ana watoto wanaokuja. Yule mwenye sauti nzito ya kuongoza nyimbo yuko baharini na wajukuu, anarudi Alhamisi. Mwenye mashine ya kukata majani ameipeleka kutengenezwa ili iwe tayari Jumamosi ijayo. Wote walisikitika. Wote walisema maskini Ouida, wote walisema watamwombea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Delmer. Angempata mtu mbaya angalau angemfokea.

Kisha Delmer akapiga simu hospitali. Ilikuwa Jumamosi jioni. Muuguzi wa zamu alimwambia kwa upole kwamba yeye hana mamlaka, na kwamba faili limeandikwa kwa wino mwekundu: isisogezwe tena.

Aliingia ndani. Ouida alikuwa ameyatoa maua, ameyapanga kitandani kwa rangi.

"Mbona hawajaanza kufyeka?" aliuliza. "Nimefungua dirisha, sisikii mashine."

Delmer alikaa ukingoni mwa kitanda. Alijaribu kuanza mara mbili. Mara ya tatu akasema yote kwa pumzi moja, bila kujitetea.

Ouida alihesabu kwa vidole, polepole, moja, nane, kumi na tano.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia."

"Ukasema unajua."

"Nilisema."

"Basi tubaki. Jumanne ipite."

"Ouida. Daktari alisema Julai…"

"Nilikuwepo alipokuwa anasema." Aligusa ua moja la manjano, akaligeuza. Delmer alipima kichwani. Akimwomba waondoke, anamnyima. Akimwomba wabaki, anamzika. Mwishowe Ouida akasema, "Kesho unipeleke kwa mama. Mchana tuondoke."

Asubuhi walikwenda na mtungi mdogo wa oksijeni, ule unaodumu saa mbili tu. Kanisa lilikuwa limefungwa; mhubiri hakuwa na zamu Jumapili hiyo. Meza ndefu chini ya mierezi zilikuwa tupu, zimejaa vijiti na kinyesi cha ndege. Majani yalifika magotini. Ouida alipiga hatua tano, akashindwa. Delmer akambeba. Hakuwa mzito tena, na wepesi wake ndio uliotaka kumwangusha.

Alimkalisha kwenye kiti cha kukunja, kisha akapiga magoti na kung'oa majani juu ya kaburi la mama mkwe kwa mikono mitupu. Hakuwa na jembe. Katika orodha zake zote za safari hakukuwa na jembe, kwa sababu siku ya Kupamba makaburi huwa yameshafyekwa. Aling'oa kama mtu anayepigana. Majani yalimkata viganja. Alisafisha mahali pa ukubwa wa mkeka, basi. Ouida akachomeka maua ishirini mstari kwa mstari.

Kisha akaimba. Kwenye Kupamba mmoja hutupa mstari wa kwanza na umati huudaka. Ndivyo wimbo unavyokwenda, hauna namna nyingine. Ouida alitupa mstari wa kwanza, mwembamba lakini ulionyooka, akasubiri. Delmer alifungua kinywa. Hakujua kuudaka. Miaka yote hiyo alikuwa anasimama pembeni na sahani ya kuku, akiwaachia wenyewe kuimba. Alitoa sauti fulani, haikuwa ile. Ouida akatupa mstari ule tena, safari hii nusu, kisha pumzi ikamkatika, akafumba macho, akakaa tu, mkono kwenye jiwe.

Wynell alifika wakati mshale wa kipimo cha mtungi umeshaingia kwenye rangi nyekundu. Alikuwa amekimbia kutoka chakula cha watoto wake, kofia imepinda, sahani ya kuku na maharage imefunikwa kwa kitambaa.

"Nimekuja kuimba na wewe, dada," alisema akihema.

"Umechelewa, mpenzi," Ouida alimjibu. "Pumzi nimeimaliza." Akampa sanduku la viatu. "Yamebaki ishirini. Tarehe kumi na tano umwekee."

Garini Delmer alimbadilishia mrija, akaunganisha mashine, akakaa mbele ya usukani. Ramani ilikuwa palepale, na mstari wake mwekundu ulionyooka. Hakuwasha injini.

"Delmer," Ouida alisema. "Mwakani Mei inaanza siku gani?"

Delmer alikuwa anajua. Alikuwa amehesabu usiku kucha.

"Sijui," akasema.

"Jumatatu. Mwakani Jumapili ya pili ina Jumamosi yake." Alifumba macho na kuegemeza kichwa. "Mwakani hata wewe huwezi kukosea."

Delmer akawasha injini. Viganja vyake vilikuwa na majani na damu, na usukani ukamteleza mara mbili kabla hajaushika.