Jinsi Mgambo wa Mwanzo Mgumu Walivyopiga Kura

Jeshi la kijiji cha Mwanzo Mgumu, mbele kidogo ya Maneromango, halikuwahi kupigana na mtu, na kwa hiyo halikuwahi kushindwa. Hilo lijulikane mapema, maana wapo watakaokuja kuongeza chumvi.

Historia yake wala si ndefu. Jeshi walilotuachia Waingereza liliasi Januari ya sitini na nne, likavunjwa, likaundwa jipya, la wananchi, lenye siasa kichwani. Miongoni mwa waliorudishwa makwao alikuwamo Melkiori, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye yeye hakuasi wala hakutii, kwa sababu siku ile alikuwa jikoni anamenya viazi. Tabora hakufika. Aliishia Maneromango, akaoa, akachoma mkaa, akanyamaza. Miaka ikapita. Chama kikaagiza wananchi wafunzwe kujilinda, na mwaka sabini na nne, watu walipotolewa mabondeni na kukusanywa Mwanzo Mgumu, ikaonekana kijiji kipya kina mwenyekiti, kina bendera, ila mgambo hakina. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Melkiori. Basi mmenya viazi akawa Kamanda.

Bunduki alizichonga fundi seremala Matano, sitini kamili, za mti wa mkorosho, kila moja na namba yake iliyochomwa kwa nondo ya moto. Zilikuwa za mti, lakini usithubutu kusema. Kila Jumamosi zilipakwa mafuta ya nazi, wakati watoto wa kijiji miguu imewapauka. Ilikuwa marufuku kumwelekezea mtu mtutu. Aliyeiangusha yake aliiomba radhi, kwa sauti, mbele ya kikosi kizima. Matano mwenyewe aliwahi kuuliza kama zile zilizopasuka zinaweza kuwa kuni, akazungushwa kiwanja mara ishirini.

Namba kumi na saba ilikuwa ya Sikuzani. Huyu alikuwa mjane wa Kondo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ambayo bila shaka ilikusudiwa mtu mwingine mkubwa zaidi. Alikulia bondeni kwenye mpunga, na tangu ana miaka sita kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Unapanda kichanjani asubuhi, ndege wakishuka kwenye mpunga unapiga ukelele, wanaruka, wanakwenda kula kwa wenzako. Lakini sauti ya Sikuzani ilifukuza hadi ndege wa mashamba ya jirani, na wenyewe walikuwa hawajisumbui kuweka mtu. Walimtegemea Sikuzani, na akiugua walikuja kumpa pole kwa haraka sana.

Sasa, hiyo habari ya kura ilianza kama ajali. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji Mwenyekiti, Mzee Mwishehe, aliuliza ni nani wanaokubali kijiji kichimbe kisima. Watu wakawa wanajikuna, kama kawaida. Melkiori, ambaye hapendi kuona watu wamekaa ovyo, akasimama.

“Mgambo! Mikono…” akakata, akavuta pumzi, maana amri ya jeshi lazima ikatwe katikati, “…juu!”

Mikono sitini ikapanda kwa mpigo mmoja. Wazee na wagonjwa ambao hawakuwa mgambo wakaona haya kubaki chini, nao wakapandisha. Kisima kikapita. Katibu Kata aliposikia alisema hajawahi kuona umoja wa namna ile katika kata yake yote.

Baada ya hapo hakuna kilichopita bila Melkiori. Mzee Mwishehe akawa anapeleka ajenda kwake kwanza, kule kwenye tanuri la mkaa, kabla ya kuipeleka kwa wananchi. Mgambo wakaamua chumvi iuzwe Jumanne. Wakaamua majogoo wasiwike kabla ya paredi, na wenye majogoo wakatoa ahadi kwa niaba yao. Mtu akiposa, mshenga alipitia kwanza kwa Kamanda kuuliza kama kikosi kina pingamizi. Sikuzani aliyaona yote hayo na hakuwa na neno. Yalikuwa hayajafika kwake.

Yakafika. Ilitangazwa kwamba Mkuu wa Wilaya atatoka Kisarawe kuja kukagua gwaride, na kiwanja kilikuwa chembamba. Upande wa kushoto kiligusa nyumba ya Sikuzani, na upande wa kulia kiligusa nyumba ya shoga yake Zubeda. Kikosi kikipita, safu ya kushoto ilibidi ijipinde kuzunguka jiko la Sikuzani. Na Sikuzani mwenyewe alikuwa safu ya kushoto. Alikuwa akifika hapo anainama, anakoroga kunde mara mbili, anaweka mwiko, anawahi mstari. Melkiori alivumilia hilo kwa miezi, lakini Mkuu wa Wilaya asingeelewa.

Mzee Mwishehe akaitisha mkutano. Wanaokubali nyumba ya kushoto ivunjwe, mwenyewe ajengewe nyingine kule makaburini?

“Mgambo! Mikono… juu!”

Sikuzani alitazama mikono ile inavyopanda. Alitafuta ni nani asiyenyoosha, ili angalau amjue. Akahesabu. Wote sitini. Ndipo alipouona mkono wa sitini, ule mwembamba wenye bangili ya shaba, akaufuata kwa macho kuanzia kiganjani hadi begani, akakuta ni wake.

Nyumba ile aliijenga Kondo. Walipohamishwa kutoka bondeni alikuwa na homa tayari, lakini alipanda juu akaezeka makuti mwenyewe, pande zote mbili, akashuka, akalala ndani siku nne, akafa. Hakumwachia mke wake kitu kingine. Sikuzani alikwishahama mara moja bila kubisha. Mara hii hakutaka, na aliona uchungu kwamba aliyemsaliti alikuwa mkono wake.

Kesho yake alikwenda kwa Melkiori. Yeye Mzaramo na yule Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na mtani humwambia mwenzake lolote bila kununiwa.

“Mtani, wewe Waingereza walikupa kisu cha viazi, nani alikuambia uvunje nyumba za watu?”

Melkiori alicheka, maana utani ndivyo ulivyo. Kisha akawa mnyonge.

“Mtani, ningeweza ningekuachia. Lakini kikosi kimeamua. Na namba kumi na saba ilinyoosha.”

“Namba kumi na saba ni mimi.”

“Ndiyo maana nasema. Mimi nitapinganaje na wewe?”

Sikuzani akaenda kwa Mzee Mwishehe.

“Shikamoo, Mwenyekiti.”

“Marahaba, mwanangu. Ila ulinyoosha. Mimi mwenyewe nilikuona nikasema, loo, mwanamke huyu ana moyo wa kizalendo.”

Ilibaki kura moja, ya kuthibitisha, siku ya Ijumaa, mbele ya Katibu Kata. Zubeda akaja na wazo. Zubeda alikuwa na mguu mbovu uliomwokoa na mgambo, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alimfunga Sikuzani mkono wa kulia kiunoni kwa kanga, kwa mafundo mawili, kisha akasimama mlangoni akanong'ona, “Mgambo, mikono… juu.”

Ukapanda wa kushoto.

“Shoga,” Zubeda akasema, “wewe huyu umeshaharibika.”

Walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia bila kucheka.

Ijumaa Katibu Kata alikuja, jina lake Anselmi, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Kikosi kilijipanga, bunduki mabegani. Katibu Kata akauliza, wanaokubali nyumba ya kushoto iondoke? Melkiori akapiga hatua mbele, akapanua kifua.

“Mgambo! Mikono…”

Akakata, kama ilivyo desturi. Na katika kile kimya Sikuzani alihisi mkono wake unaanza kuamka. Hakuwa amepanga kitu. Alichofanya ni kile alichokifanya tangu ana miaka sita anapoona kitu kinashukia chakula chake. Alifungua mdomo akapiga ukelele, ila mara hii ukelele ulikuwa na maneno.

“Nyuma… geuka!”

Miguu hamsini na tisa ikagonga chini. Wote wakawa wamempa Katibu Kata mgongo. Melkiori naye aligeuka, tena kwa unadhifu kuliko wote. Miaka kumi na moja nje ya jeshi, na mwili ulikuwa haujapewa taarifa.

“Mbele… tembea!”

Wakaondoka. Walivuka kiwanja, wakapita kwenye muhogo wa Matano, na Matano mwenyewe yumo akiukanyaga. Wakateremka bondeni, Kamanda nyuma yao, akipunga mikono. Hakuna aliyegeuza shingo. Amri ya kusimama ilikuwa haijatoka.

Uwanjani walibaki Mwenyekiti, Katibu Kata, Sikuzani, na wale wasio mgambo kama thelathini: wazee, kina mama wenye vichanga, Zubeda na fimbo yake.

Anselmi alifungua kalamu. “Wanaokubali nyumba iondoke?”

Hakuna mkono. Watu walitazamana. Hakuna aliyewaambia wafanye nini, na wengi ilikuwa mara yao ya kwanza.

“Wasiokubali?”

Zubeda alinyoosha wa kwanza, polepole, kama anayepima kama mvua bado inanyesha. Kisha bibi mmoja. Kisha wengine. Sikuzani alipoutafuta mkono wake aliukuta chini, akaupandisha mwenyewe, kwa kuutaka. Katibu Kata akahesabu thelathini na mmoja, akaandika, akapiga mstari chini yake. Sikuzani alilia mbele za watu na hakuona haya.

“Vizuri,” Anselmi alisema. Kisha akatazama bondeni. Kikosi kilikuwa kimekuwa kidogo kabisa, kinapanda mlima wa ng'ambo, kinakaribia msitu. “Wale nao wanakwenda wapi?”

“Wanakwenda tu,” Mzee Mwishehe akasema.

“Nani anaweza kuwasimamisha?”

Watu wote wakamtazama Sikuzani, vilevile walivyomtazama Melkiori mwaka ule. Akajifuta machozi, akavuta pumzi.

“Kikosi… simama!”

Ng'ambo ya bonde, kile kidogo kikasimama.

Katibu Kata alifungua kalamu nyingine. Alisema amefanya kazi kata tatu na hajapata kuona kitu kama hicho, akaandika palepale kwamba kuanzia leo kamanda wa mgambo ni ndugu Sikuzani, mwanamke wa mapinduzi. Melkiori aliporudi, jasho linamtoka, alimkabidhi filimbi ya ukamanda kwa mikono miwili, akionekana mtu aliyetuliwa gunia. “Chukua, mtani,” alisema. “Utaona.”

Aliona wiki iliyofuata. Mkuu wa Wilaya alikuwa bado anakuja, na kiwanja kilikuwa bado chembamba. Katibu Kata alieleza vizuri tu, bila hasira: kijiji kimekataa kushoto, na hiyo ni haki yake. Basi imebaki kulia. Kama nako hakuwezekani, ajenda ya kushoto itafunguliwa upya. Kamanda achague aanze na ipi.

Kikosi kilikuwa kimejipanga. Zubeda alisimama mlangoni kwake upande wa kulia, ameegemea fimbo, vyungu vyake vimeinamishwa juani nyuma yake. Upande wa kushoto makuti ya Kondo yalikuwa yanatikisika kwa upepo. Sikuzani alitazama huku, akatazama kule. Namba kumi na saba ilimlemea begani.

“Wanaokubali nyumba ya kulia iondoke,” Mzee Mwishehe akasema.

Sikuzani akapiga hatua mbele.

“Mgambo! Mikono…”

Akakata. Akakaa kwenye kile kimya muda mrefu kuliko kamanda yeyote aliyewahi kukaa, mrefu hadi Katibu Kata akainua kichwa; Sikuzani alikuwa akimsubiri mtu mmoja tu, yeyote yule, apige ukelele. Zubeda alifungua mdomo. Lakini Zubeda hakuwahi kuamia ndege.

“Juu,” Sikuzani akasema.