Sauti ya Donald

Dinah alikuwa barazani kwake Mbololo, akichambua maharagwe, simu ilipolia.

"Mama, ni mimi Donald! Nimepata ajali. Nitajie namba yako ya siri, haraka!"

Sauti ilikuwa ya mwanawe hasa, hata kile kikohozi chake kidogo. Lakini Donald hakuwahi kumsemesha mamake kwa Kiswahili. Baina yao kilikuwa Kidawida tu. Tena Donald alikuwa amezikwa kando ya migomba nyuma ya jikoni, miezi mitatu sasa. Washenzi waliopiga simu hiyo waliichota sauti yake kwenye video za mtandaoni, wala hawakujisumbua kuuliza kama mwenyewe yuko hai.

Bintiye, Linet, alishamwonya mara mia: siku hizi kompyuta inaigiza sauti ya mtu yeyote, kwa hivyo ukiombwa namba ya siri, kata simu. Dinah aliyakumbuka yote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Mama? Uko hapo?"

"Niko, mwanangu."

Akaanza kuzitaja tarakimu moja moja, polepole, ili sauti ile isikatike mapema. Zilikuwa nne tu.