Meno ya Mbeyu

Jino la tatu lilimtoka Mbeyu kwa kipande cha mahamri kilichokwisha kulowa chai. Mahamri, jamani, si mfupa. Alilitema kiganjani akalitazama: jembamba, la kijivu, limelika ncha.

Kiwanda anachofanyia kazi kiko Changamwe, na kinatengeneza dawa. Yeye humimina asidi hidrokloriki kwenye pipa la maji. Ikishazimuliwa, huwa matone ya wagonjwa ambao matumbo yao yameishiwa nguvu ya kusaga chakula. Moshi wake humwingia puani na kinywani kutwa nzima. Barakoa hapewi. Hupewa pakiti ya maziwa, eti yanaosha sumu.

Siku hiyo alilifunga jino kwenye leso, akaenda nalo kwa meneja, Bwana Lenox. Alieleza kwa adabu kwamba Kadenge, aliyemtangulia kazini, aliondoka kibogoyo, na kwamba wanaomimina wanaomba barakoa na feni tu.

Lenox hakuligusa lile jino. Aliuliza kama kwao Kaloleni hawatafuni tumbaku.

"Sitafuni, bwana. Ni ule moshi."

"Mama, hii ni kampuni ya dawa. Sisi tunaweza kumdhuru mtu?"

Mbeyu alitaka kubisha. Lakini kule Chaani anakoishi watoto wake wanamtazama yeye. Lenox naye akalegeza sauti: kuanzia kesho atahamia kufungasha, mradi habari za jino ziishie humo ofisini. Mbeyu akasema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Kesho yake aliketi kwenye meza ya kufungasha. Kila boksi liliingia chupa moja na mrija mmoja wa plastiki. Akamuuliza Pascalia, mwenzake wa meza, mrija ni wa nini.

"Mgonjwa anywee dawa," Pascalia akasema. "Isimguse meno. Hata ikizimuliwa, inayala."

Mlango ukafunguliwa, akachungulia msichana aliyeandikwa kazi asubuhi hiyo, Janice, akiulizia chumba cha asidi. Alikuwa na meno meupe na mwanya mzuri, na alitabasamu alipomwamkia Mbeyu shikamoo.

"Marahaba," Mbeyu akajibu, mkono kinywani.

Akamwelekeza kwa kidole, mlango wa pili, kushoto. Kisha akachukua mrija mwingine, akautia ndani ya boksi.