Picha Zilizopita Chini ya Pazia

Hebu niambie, mwenzangu: ukiletewa mumeo ndani ya bahasha ya kaki, utamjua?

Bi Sikuzani hakumjua. Mwaka huo wa 2006 alikuwa amekaa eda, Mwinjuma ana miezi miwili kaburini, katika nyumba yao ya Aston, mjini Birmingham, zile nyumba zilizoshikana kuta hata jirani akipiga chafya unamwombea afya. Nguo nyeupe isiyo na ua, wanja hapana, udi hapana, na mwanamume asiye maharimu yake haonani naye. Ndiyo maana mgeni alipokuja alikalishwa chumba cha mbele, naye akabaki chumba cha nyuma. Mlangoni, kati yao, palishushwa pazia la maua ya kahawia, lile alilolishona mwenyewe, upindo mmoja mrefu kuliko mwenziwe.

Mgeni aliitwa Surjit, kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Aliletwa Birmingham akiwa kijana, lakini Kiswahili hakikumtoka. Alifanya kazi na Mwinjuma katika kiwanda cha magari kule Washwood Heath. Hilo Bi Sikuzani alilijua. Hili jingine ndilo lililomvuruga kichwa.

"Mama, sisi tulikuwa na bendi," Surjit alisema kutoka upande wa pili. "Canteen Window, yaani dirisha la kantini. Mwaka wa themanini mpaka themanini na tatu. Mimi gitaa, yeye mwimbaji. Sasa kuna ukumbi huko Digbeth, wanafanya maonyesho ya picha za bendi za zamani za hapa mjini. Picha yake wataifanya kubwa kama mlango. Kesho inakwenda kuchapwa. Nataka chini yake liandikwe jina lake kamili, si lile la mkato la kwenye mabango. Lakini wewe ndiye mwenye mtu. Ukisema hapana, haitundikwi."

"Mume wangu haimbi," alijibu Bi Sikuzani. "Hata kwenye maulidi, midomo inacheza, sauti haitoki. Nimekaa naye miaka ishirini na tatu. Umekosea nyumba, baba."

"Sijakosea, mama. Tazama kwanza."

Picha zikaanza kutoka bahashani na kupita chini ya pazia, zikisukumwa na vidole vinene vya mkono wenye bangili ya chuma. Binti yake, Safiya, aliyekuwa akisoma chuo kikuu na kupanga nyumba na wenzake kule Selly Oak, alikuwa jikoni akichemsha chai ya tangawizi.

Picha ya kwanza, nyeusi na nyeupe. Vijana wanne wamevaa makoti meusi, vichwa chini, hakuna anayecheka. Mbele yao watu wamesimama kimya, mikono wameikunja kifuani. Bi Sikuzani akainua viganja.

"Innalillahi. Hapa mlimzika nani?"

"Hatukuzika mtu, mama! Hiyo ni shoo. Watu walifurahi sana siku ile."

"Hawa ndio wamefurahi?"

"Sana!"

Safiya akampelekea mgeni kikombe, kisha akaja na sinia, akachungulia begani kwa mamake. "Ndiyo style yao, Mama. Posti-pank. Ilikuwa lazima uonekane huna raha."

"Wale wanamuziki wa pank walikuwa na hasira," Surjit alieleza. "Sisi tulikuja baada yao. Hasira imekwisha, imebaki baridi tu. Huyo wa kushoto, mama, ndiye yeye."

Lakini Bi Sikuzani alikuwa ameshaiweka picha hiyo kando, ameshika nyingine. Akatazama kushoto. Palikuwa na mtu amejipaka wanja mpaka karibu na masikio, na midomo imepakwa rangi.

"Subhanallah! Mwinjuma kajipaka wanja! Mimi mjane wake nimekatazwa, kumbe mwenyewe alishajipaka zamani!"

"Mama, huyo si mzungu?" Safiya akauliza.

"Humu wote kijivu, mwanangu. Mzungu nitamjuaje?"

"Huyo ni mpiga dramu wetu!" Surjit akacheka hadi kiti kikalia. "Siku hizi ni mwalimu wa shule ya watoto wadogo."

Ilikuwa siku ya mpira. Watu walipita barabarani kuelekea uwanjani, wanaume wazima, wamekumbatiana mabega na kuimba, na kila Surjit alipofungua kinywa maneno yake yalimezwa nusu. Yeye akisema kulia, Bi Sikuzani anatazama juu. Akisema mwenye koti refu, kwenye picha makoti marefu ni matatu. Picha moja ilikuwa moshi mtupu na mkono. Nyingine ni kisogo. Kisogo kilifanana na cha Mwinjuma, lakini kilifanana pia na cha Mzee Athanase, yule Mkongo wa nyumba ya tatu.

Akazipanga mapajani, akazipangua. Aseme nini? Kama si yeye, basi mtu baki atatundikwa ukutani na jina la marehemu wake, na dua zimfikie nani? Na kama ni yeye, hapo ndipo kichwa kilipomzunguka zaidi. Kama ni yeye, basi alikuwa na sauti, akaimalizia kwa walevi.

"Mama, sikuharakishi," Surjit alisema. "Lakini mchapaji anasubiri simu yangu jioni hii."

"Ngoja. Hii hapa je?"

Hiyo nayo haikuonyesha uso. Mwimbaji ameinama, maikrofoni imemficha. Dramu zimewekwa juu ya zulia la maua, zulia la sebuleni kabisa, lenye nyuzi pembeni. Mwimbaji amesimama juu yake miguu mitupu. Na pembeni mwa zulia kuna viatu, jozi moja, vimepangwa sawasawa, ncha zimeelekea nje, na kila kiatu kina soksi yake ndani.

Bi Sikuzani akaweka kidole.

"Zulia hili la nini jukwaani?"

"La dramu, mama, zisiteleze. Sisi wote tulilikanyaga na mabuti. Yeye siku ya kwanza alifika pembeni akasimama. Watu wanangoja, sisi tumeshaanza kupiga. Akasema hapandi zulia na viatu, mama yake atajua hata kama yuko Unguja. Akavua. Basi watu wakadhani ni mtindo! Kidogo tu, vijana wanakuja baa miguu mitupu, wanakatwa na vigae vya glasi."

Safiya alicheka hadi chai ikamwagikia sahani. Mamake hakucheka.

"Ndiye," alisema. "Viatu alivipanga hivi hivi mlangoni kwangu, miaka yote."

"Basi tuandike jina?"

Bi Sikuzani akaisogeza picha karibu na macho. "Aliimba nini?"

"Mvua. Basi lisilokuja. Kelele za mashine. Mara nyingine anaingiza Kiswahili, hakuna anayeelewa, na ndipo wanapiga makofi zaidi."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Nzito, mama. Ya chini kabisa. Unaisikia miguuni kwanza."

"Na mbona aliiacha?"

Kiti kikalia tena. Alikohoa, akaweka kikombe chini.

"Aliporudi kutoka Unguja kuoa, nilimfuata na gitaa langu, mlango huu huu. Akanizuia hapo nje. Akasema, Surjit, basi. Nimeoa binti wa mwalimu wa chuo, amelelewa ndani ya Kurani. Akinisikia na makelele yale ataona aibu, atataka kurudi kwao. Usimwambie. Na mimi sikusema."

"Aibu?" Bi Sikuzani aliligeuza neno kama anayekuta jiwe kwenye wali. "Mimi nione aibu? Aliniuliza lini?"

Wale wa nje walikuwa wameshaingia uwanjani, mtaa umetulia.

"Mama," Safiya alinong'ona, "anangoja jina."

Bi Sikuzani akainuka, picha mkononi, akasogea mpaka pumzi zake zikawa zinatikisa pazia.

"Andika. Mwinjuma bin Makame bin Shaali, lote, usikate hata herufi. Na unisikilize, baba, kwa kuwa mwenyewe hanisikii tena. Kila maulidi nilikuwa nikiitazama ile midomo, nangoja. Sikutaka mtu mwenye heshima, wallahi. Nilitaka aniimbie."