Umeacha Vile Vitu?

Nesi hakumtazama mgonjwa hata usoni. Alimgeukia mwenzake akasema, "Hiki nacho kimerudi tena."

Pechiammal alisikia. Mikono yake, ambayo tangu alfajiri ilikuwa ikitunga asumini pale soko la maua mjini Madurai, kusini mwa India, ililibana bega la binti yake. Kimerudi. Kama ndoo iliyopelekwa kuzibwa.

"Huyu ana jina," alisema. "Yazhini."

"Hapa kwenye faili tunaye Muthupandi, mama."

"Hapo mnalo jina la zamani. Mtu ndiye huyu."

Yazhini alikuwa thirunangai, ndivyo wanavyojiita kwa heshima wanawake waliozaliwa wakaitwa wavulana, na maneno ya watu alishayaotea sugu. Siku nyingine angemjibu nesi mpaka benchi zima licheke. Leo hakuwa na pumzi. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, unawaka moto, na tangu asubuhi kifua kilikuwa kikimbana.

Juma lililopita walikuja mguu ukiwa umevimba kidogo tu. Dokta Ilango alimwona huku yeye mwenyewe amesimama mlangoni, kama anayeogopa kuchafua viatu. Akamwandikia dawa ya maumivu, akamwambia alale mguu ukiwa juu. Pechiammal aliambiwa angoje nje, naye akangoja. Leo hakungoja.

"Mama, panga foleni," nesi alisema.

"Ipi? Ya wanaume mmetutoa, ya wanawake mmetutoa. Nionyeshe ya tatu nikapange."

Bibi mmoja kwenye benchi aliguna. "Mwacheni apite bwana. Hamwoni mtoto anavyohema?"

Pechiammal akasukuma mlango kwa bega, akamwingiza binti yake.

Dokta alipouona ule mguu, uso ulimbadilika. Akaukasirikia kama vile umemsaliti. "Si alisema ameacha vile vitu? Nilimuuliza, akasema ameacha."

"Nimeacha kweli, daktari," Yazhini alisema kwa sauti ya chini. "Tangu sikukuu ya mavuno sijatoka."

"Hujatoka kwenda wapi?"

"Barabarani, usiku. Kwa wale wanaume." Akavuta pumzi. "Si ndicho ulichoniuliza? Tena mbele ya mama sasa."

Dokta alivua miwani. "Nilikuwa naulizia vidonge. Vya homoni."

"Vidonge nameza kila asubuhi. Hukutaja vidonge. Ulisema vile vitu, nesi akacheka, nikajua mnaulizia yale."

Hasira ya Pechiammal ilipofika kinywani ilikuwa imepoa, na ndiyo maana ilitisha.

"Mwenye kisukari unamuuliza kama ameacha vile vitu? Unamuuliza sukari. Mwanangu ameshinda nyumbani akimeza kinachomuumiza, ameinua mguu juu ya mto kama ulivyomwambia, kwa sababu wewe, msomi mzima, uliona haya kusema kidonge."

"Mama, nakuelewa..."

"Hunielewi. Ana nini?"

"Damu imeganda mguuni. Huenda kipande kimepanda mpaka kwenye mapafu."

"Usiniambie mimi. Mguu si wangu. Mwambie yeye, polepole."

Dokta akavuta kiti, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele ya Yazhini. Akarudia yote kwa maneno ya nyumbani, bila kuruka hata moja.

"Nitakufa?" Yazhini aliuliza.

"Inawezekana. Ndiyo maana unapigwa sindano sasa hivi, damu isizidi kuganda. Na vidonge unaacha leo. Si kwa sababu wewe ni thirunangai. Ni kwa sababu vya aina ile vinaweza kugandisha damu. Ukipona tutatafuta dawa nyingine, salama zaidi."

"Hayo ningeyaelewa hata juma lililopita," Yazhini alisema.

Nesi akachungulia mlangoni. "Daktari, tukiweke wapi?"

"Tumweke," dokta alisema. "Yazhini. Wodi ya wanawake. Kimbieni."

Wakakimbia kweli. Pechiammal alikimbia nyuma ya kitanda cha magurudumu, kandambili zikimtoka miguuni. Moyoni alikuwa akijitukana kwa kungoja nje siku ile kwa adabu, kama mgeni. Mama mwenye mtoto kama wake asikubali kungoja nje. Na mtoto akiulizwa "vile vitu", naye aulize: vitu gani? Aulize mpaka vitajwe.

Siku ya tatu mapafu ya Yazhini bado yalikuwa yakipigania pumzi, mrija wa hewa ukiwa puani, wakati nesi yule yule alipokuja na sindano. Alisimama kidogo miguuni pa kitanda.

"Dada anaendeleaje?" alimuuliza Pechiammal.

Pechiammal hakuinua macho kutoka kwenye mkono alioushika.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Anasikia."