Agizo la Chumba cha Tisa

Jumatano, saa moja na robo asubuhi, Lydie Katongo aliingia chumba cha tisa cha wodi ya wazazi, akaweka kipimo cha presha mezani, akavuta kiti na kumshika Albertine Bwalya kifundo cha mkono. Miaka kumi na tisa ya uuguzi ilikuwa imemzoeza kuanza na vidole vyake mwenyewe, macho kwenye saa ya ukutani, midomo imefungwa. Mapigo tisini na sita kwa dakika. Pumzi ishirini. Presha kumi na moja kwa saba, yaani mia moja na kumi kwa sabini.

Albertine alikuwa muuza samaki wakavu kutoka Kasenga. Alikuja Lubumbashi kwa ndugu za mumewe ili ajifungue karibu na madaktari, na jana yake jioni alikuwa amepasuliwa. Mtoto, msichana, alilala kwenye kitanda kidogo cha chuma. Wifi yake Joëlle, mkazi wa Hewa Bora, ndiye aliyekuwa garde-malade, yaani ndugu anayekaa hospitali kumlisha mgonjwa, kumfulia na kumkimbilia duka la dawa.

"Ulilala, mama?" Lydie aliuliza.

"Nililala kidogo. Niko na kiu tu, Mama Lydie. Tangu alfajiri, kiu."

Lydie aliandika: kiu. Wauguzi wengi hawaandiki kiu. Akavuta kope ya chini ya Albertine. Ndani palikuwa peupe kupita kiasi. Akafunua shuka. Bandeji ilikuwa kavu. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mafunda mawili ya maji yenye rangi ya chai kali. Alizungushia tumbo utepe wa kupimia, akachora mstari mdogo wa kalamu kando ya kitovu ili utepe upite palepale baadaye, akasoma: sentimita tisini na nane.

Saa mbili Dokta Stéphane alipita. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ukiwa bado kwenye korido, simu sikioni. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati safi, aliyejua majina ya watoto wa wauguzi wote.

"Docta, mapigo imepanda," Lydie alisema. "Mia moja na kumi na mbili sasa. Presha iko inashuka. Na tumbo yake..."

"Pansement iko namna gani?"

"Bandeji iko kavu. Lakini..."

"Voilà." Alilichukua faili, akaliegemeza ukutani, akaandika neno moja na kutia sahihi. Surveiller. Maana yake mgonjwa aangaliwe, asiguswe zaidi ya hapo. "Niko na bagonjwa kule kliniki ya mujini. Ukiona kintu, unaniita."

"Nimeshaona, docta."

"Bon, endelea vile vile," akasema, akaenda zake.

Lydie alitoka kwenda kuchukua maji ya dripu stoo. Alivuka kizingiti cha chumba cha tisa na kuingia chumba cha tisa. Albertine alikuwa kitandani, mtoto kwenye kitanda chake cha chuma, Joëlle alikuwa akikunja kitenge. Akageuka, akatoka tena, akaingia tena. Mara ya tatu alitoka kinyumenyume, mkono ukishika mlango, na mgongo wake ukagusa ncha ya kitanda.

Basi akajua. Katika hospitali ile jambo hilo lilitokea, si mara nyingi, wala si mara chache hata likawa gumzo. Daktari akiandika neno lile bila kumgusa mgonjwa, muuguzi wa chumba hicho hubaki ndani mpaka mkono ulioandika urudi kufuta. Ofisi ya wafanyakazi ilikuwa na fomu yake, ya rangi ya manjano. Osée, muuguzi wa chumba cha nne, alikuwa ndani tangu masika ya mwaka juzi. Mgonjwa wake alifariki siku ya pili, na Osée aliandika pumzi zake kila robo saa, kwa mwandiko mzuri, hadi ya mwisho. Daktari aliyeandika alikwenda Afrika Kusini kusoma na hakurudi. Siku moja mafundi walikata nondo za dirisha. Osée akapanda na begi lake, akarukia majani ya uani, akaangukia kitanda cha chumba cha nne. Mafundi wakachomelea nondo upya. Mkewe huja kila mchana na bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nao hula pamoja, dirisha katikati.

Lydie alivua saa yake akaiweka mezani, mahali pa kuonekana.

"Joëlle," akasema, "miye sitatoka tena. Njo weye utatembea, nitakutuma."

Joëlle alimtazama, akautazama mlango. "Bamekufungia, Mama Lydie?"

"Bameniandika."

"Aa," Joëlle akasema, akafunga kitenge kiunoni.

Alitumwa stoo, akarudi na chupa nne za dripu. Lydie alichoma mshipa wa pili, mkono wa kushoto, sindano nene, akafungulia maji yashuke bila kizuizi. Akavuta damu kwenye kichupa, akakiandika jina, akampa Joëlle akipeleke maabara, waanze kutafuta damu ya kundi lake. Akainua upande wa miguu wa kitanda kwa matofali mawili. Yote hayo yaliruhusiwa, au angalau hayakukatazwa mahali popote.

Saa mbili na dakika arobaini alipima tena. Mapigo mia moja ishirini na sita. Pumzi ishirini na nane. Presha nane na nusu kwa tano. Vidole vya Albertine vilikuwa baridi, na kichwa kilikuwa kikigeuka huku na huku juu ya mto kama mtu anayetafuta mahali penye nafuu na hapaoni. Mfuko wa mkojo haukuongeza hata tone. Lydie alipitisha utepe juu ya mstari wa kalamu. Sentimita mia moja na mbili.

Alipiga simu. Ililia mpaka ikakatika, akapiga tena.

"Ni ju ya chumba ya tisa?" Dokta Stéphane aliuliza.

Lydie alimsomea namba moja baada ya nyingine, polepole, kama alivyofundishwa. "Docta, damu iko inamwagika mu tumbo. Arudishwe bloc, bamupasue tena, sasa. Hapana saa ingine, sasa."

"Pansement?"

"Kavu. Inamwagika ndani, docta, pansement itaona wapi?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu akimwita daktari chumba kingine. "Madame Lydie," akasema bila hasira, "kuamua ni kazi yangu. Yako ni kuangalia. Nitapita saa sita."

Lydie aliweka simu mezani karibu na saa. Alijaribu mlango mara nyingine, kwa sababu miguu ilitaka, na ukamrudisha. Chumba kilikuwa na hatua saba kwa tano. Akatembea zote, akarudi kitandani.

"Mama Lydie," Albertine alisema kwa sauti nyembamba, "miye nitakufa?"

Katika miaka kumi na tisa Lydie alikuwa amelijibu swali hilo kwa namna nyingi, na nyingi hazikuwa za kweli. "Ukikaa hapa, ndiyo," akasema. "Ju ya ile hautakaa hapa."

Chini ya karatasi ya uangalizi palikuwa na kisanduku chenye maandishi ya chapa: uamuzi wa daktari. Lydie hakuwahi kuweka hata nukta ndani yake. Alimfikiria Osée na mwandiko wake mzuri. Kisha akaandika humo: Damu inavuja tumboni baada ya upasuaji. Afunguliwe tena mara moja. Akaongeza namba zote za asubuhi, mstari juu ya mstari, kuanzia kiu, na chini akatia sahihi yake na jina zima ili mtu asije akadhani ni la mwingine.

Mukuka, mfagiaji wa wodi, aliitwa kusukuma. Yeye alishika kichwani pa kitanda, Joëlle miguuni, chupa za dripu zikining'inia, karatasi ile chini ya mto. Kitanda kilipita mlangoni bila shida, maana agizo halikuwa la kitanda. Lydie alikwenda nacho ameshika mkono wa Albertine mpaka kwenye kizingiti. Pale mkono ukaponyoka, naye akajikuta ameingia ndani, akikabili mahali palipokuwa na kitanda na sasa palikuwa na sakafu tu.

Mtoto alikuwa amesahaulika. Aliamka akalia. Lydie akamchukua, akamhesabia pumzi, arobaini na nne, nzuri, akatembea naye zile hatua saba. Hakuna aliyemletea habari kwa saa mbili. Alimsikia mtoto akinyonya kidole alichompa kwa nguvu iliyomshangaza, akawaza kwamba mwenye nguvu hizi atataka maziwa, na maziwa yako bloc.

Saa tano Joëlle alirudi akikimbia, viatu mkononi. Kule bloc walimkuta Dokta Mutale, mpasuaji wa kike wa wodi ya wanaume, akinawa baada ya kushona henia. Alisoma karatasi yote. Alitazama sahihi, akatazama kope ya Albertine, akanawa upya. Ndani ya tumbo alikuta lita mbili za damu na mshipa mdogo uliofunguka uzi. Akaufunga.

"Anapumua," Joëlle alisema. "Anauliza mutoto."

Lydie alimpa mtoto. Kisha akakaa kwenye kiti, akalia kidogo, akaosha uso kwenye sinki.

Dokta Stéphane hakupita saa sita. Ijumaa alikuja mkuu wa wauguzi, Mama Germaine, na barua yenye muhuri. Ilikuwa demande d'explication. Muuguzi aeleze kwa maandishi, katika muda wa saa arobaini na nane, kwa nini alijaza kisanduku kisicho chake, kisha afike mbele ya kamati, ghorofa ya kwanza, Jumanne saa nne.

"Nitafika namna gani?" Lydie aliuliza.

"Najua, mwanangu. Niliwaambia. Banasema utaratibu ni utaratibu." Mama Germaine alikaa ukingoni mwa kitanda kipya kilicholetwa, akavua miwani. "Miye njo nilikufundisha kuhesabu pumzi. Ulihesabu muzuri."

"Basi useme vile mu kamati."

"Nitasema," alisema Mama Germaine, na Jumanne alisema kweli. Kamati iliandika kwamba mkuu wa wauguzi amesema, na kwamba mhusika hakufika, bila sababu. Lydie akapewa onyo la kwanza. Dokta Mutale naye aliandikiwa barua, kwa kumpasua mgonjwa ambaye, kwa mujibu wa faili, alikuwa bado chumba cha tisa akiangaliwa.

Albertine aliruhusiwa siku ya kumi na mbili. Alitoka kwa miguu yake, akazunguka jengo kupitia uani, akasimama dirishani akiwa na mtoto mgongoni.

"Tumemuita Lydie," akasema.

"Asante, mama. Kidonda haiumi?"

"Haiumi. Wewe utatoka siku gani?"

"Sijui."

Albertine alipenyeza mkono kati ya nondo, wakashikana vidole. Lydie, bila kukusudia, alisogeza vidole vyake hadi kifundoni. Themanini. Akamwachia aende.

Mume wa Lydie, Alphonse, alikuwa akija kila alasiri kutoka Kamalondo, amebeba chakula kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, na habari za nyumbani. Wiki ya kwanza alikuwa akiuliza kesi imefika wapi. Wiki ya tatu alileta godoro, wakalipitisha dirishani, limekunjwa, yeye akisukuma na mkewe akivuta. Wagonjwa wapya waliwekwa chumba cha tisa, wakapona, wakaondoka. Kitanda cha dirishani hakikupewa mtu, kwani kwenye faili kilikuwa bado cha Albertine.

Mwezi wa pili, Jumatatu, Dokta Stéphane aliingia. Aliingia kabisa, miguu yote miwili, akamsalimia Lydie kwa jina la binti yake.

"Mama Deborah, nguvu?"

"Niko, docta." Alikuwa ameliweka faili tayari, na kalamu juu yake. "Andika tu kama imeisha. Neno moja. Mugonjwa yuko kwake, anauzisha samaki."

Alilifungua, akasoma ukurasa wote, hata namba, labda kwa mara ya kwanza. Alichukua muda. Akalegeza ukosi wa shati lake safi.

"Nikiandika imeisha," akasema, "bataniuliza ni siku gani nilimuona."

"Bataniuliza na miye siku gani nitaona watoto wangu."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana. Alikuwa na huzuni ya kweli, Lydie aliiona. Alikuwa mtu mpole. Kisha akakitazama kile kitanda kitupu, shuka zimenyooshwa, akaandika chini ya mwandiko wake wa zamani: Idem, yaani vile vile. Akatia sahihi na tarehe, akashukuru, akatoka. Mlango ulimpitisha kama unavyompitisha mtu yeyote.

Haikupita nusu saa, ukuta wa upande wa chumba cha kumi ukagongwa.

"Mama Lydie?" Ilikuwa sauti ya muuguzi mpya, aliyemaliza shule mwaka huo. "Mama Lydie, mulango yangu iko inanirudisha."

Lydie alikaribia ukuta. "Ameandika?"

"Ameandika."

"Mugonjwa iko namna gani?"

"Sijui. Anasema..." Msichana alivuta kamasi. "Anasema iko tu na kiu."

Lydie alivuta kiti, akakaa, akaweka sikio kwenye ukuta baridi.

"Shika mukono yake," akasema. "Hesabu. Miye niko hapa."

Upande wa pili, sauti changa ikaanza kuhesabu.